Mikono ya Mireille

Siku ambayo watu wengine watakaa kikao kuamua kama utaolewa au hutaolewa, inafaa uamke mapema, uoge kwa utulivu na uvae kama mtu asiye na makosa. Valérie aliamka mapema. Hayo mengine hayakuwezekana, kwa sababu bafuni alikuwamo Ketsia, raia wa Newtown, Birmingham, mwenye umri wa miaka saba, aliyejifungia kwa ndani na kutangaza kwamba hatoki mpaka amalize sura.

"Ketsia! Toka humo, mutoto weye! Tunachelewa!"

"One minute, Mum. The dog's about to die."

"Mbwa atakufa hata ukiwa umevaa nguo. Toka!"

Kikafuata kilio kidogo. Mbwa alikuwa ameshakufa.

Valérie akarudi jikoni. Humo ndimo alimopika, ndimo alimochora, na ndimo alimosoma riwaya zake za maktaba, kitabu kikiwa kimeegemezwa kwenye kopo la chumvi ili mikono ibaki huru. Mpango huo ulileta hasara kwa pande zote. Vitabu vilirudi maktaba na alama za vidole vya bluu, wali uliungua kila mhusika alipofumaniwa, na picha kadhaa zilizokuwa zimetundikwa kwenye mkahawa mmoja wa Moseley zilikuwa na punje za unga wa muhogo ndani ya rangi, jambo ambalo wateja walilisifu sana. Alitumia rangi zinazokauka upesi. Mwenye mtoto hawezi kungoja wiki nzima rangi ya mafuta ikauke, itakaliwa.

Asubuhi hiyo palikuwa na picha moja tu, imefunikwa kwa shuka la maua, imeegemea friji.

Nyambura, jirani wa ghorofa ya juu, aliingia bila kubisha, funguo za gari zikiwa mdomoni. Alikuwa Mkenya wa Nyeri, mhudumu katika nyumba ya wazee, na alishika watu wote kwa nguvu ileile aliyozoea kuwageuzia wagonjwa kitandani.

"Hebu simama vizuri nikufunge kilemba. Ala! Unaenda kuchukua bwana ama unaenda kortini?"

"Yote mbili."

"Huyo mama mkwe wa Ruben anajua?"

"Anajua miye ni mwenye kuchora picha ya Mireille. Hayo mengine Ruben atasema leo, mbele ya kitambaa kukatwa."

"Kitambaa gani tena?"

Valérie akaeleza, kichwa kikivutwa huku na huku. Tangu Ruben amzike mkewe alikuwa akibandika kipande cha kitambaa cheusi kifuani, juu ya moyo. Leo familia ya marehemu ilikuwa inamaliza matanga. Maman Odette, mama yake Mireille, angesimama mbele ya watu na kukikata kwa mkasi, na kuanzia hapo Ruben angekuwa huru kuoa.

"Na asipokata?"

"Asipokata, Ruben anabaki mume wa Mireille."

"Lakini Mireille si alishaaga?"

"Njo sababu iko magumu."

Nyambura akakaza fundo la mwisho. "Nyinyi Wakongo mnapenda mambo marefu. Sisi tungemaliza hii maneno kwa WhatsApp."

Valérie alicheka. Hakuwa msichana. Alikuwa ameshaachwa mara moja, na baba wa Ketsia, mtu aliyetoka kununua maziwa akafika Kanada. Tangu hapo alijizoesha kutohitaji mtu. Kisha akaja Ruben.

Alikuja mwanzo wa baridi, simu yake imejaa picha za mwanamke, zote zikiishia kifuani: Mireille akicheka, Mireille na kofia, Mireille nyuma ya keki. "Nataka umuchore amekaa ku kiti," alisema. "Amekaa tu. Sikumuona akikaa sana." Akawa anarudi kila Jumamosi kueleza umbo la nyusi na rangi ya mashavu. Maelezo yakiisha, haondoki. Alimsomea Ketsia vitabu vyake kwa Kiingereza chenye Kifaransa ndani, na Ketsia alimsahihisha kwa ukali wa mwalimu wa zamu, na Ruben alikubali makosa yake yote kwa unyenyekevu, hata yale ambayo hayakuwa makosa. Valérie alisikiliza, brashi ikining'inia hewani. Siku moja aliinua macho akamkuta Ruben anamtazama. Ruben hakuyakwepesha macho yake. Brashi ikaanguka kwenye uji wa mtoto.

Ilikuwa hali ngumu kwa mtu mwenye dini: kuchora midomo ya mwanamke huku unaitamani ya mumewe.

"Na mikono yake ilikuwa namna gani?" alimwuliza mwishoni.

"Mikono?" Ruben alifikiri. "Ya kawaida. Mizuri."

Basi Valérie alifanya alivyofanya siku zote mikono inapokosekana kwenye picha. Alisimamisha kioo mezani, akapakata mikono yake mwenyewe, akaichora. Ilikuwa siri ya kazi. Nusu ya marehemu wa Kikongo wa jiji hilo, pamoja na shemasi mmoja mwenye sharubu, walikuwa wameagwa kanisani wakiwa na vidole vya Valérie, na hakuna maiti aliyewahi kulalamika. Picha ilipokamilika, Ruben alisimama mbele yake kwa muda, macho makavu. "Njo yeye," alisema. "Njo yeye kabisa." Kisha, kwa mara ya kwanza, akambusu mchoraji.

*

Nyumba ya Maman Odette ilikuwa Washwood Heath, upande wa maghala, na viatu vilianzia barabarani. Ndani palinukia majani ya sombe na samaki wa chumvi, makayabu. Wanaume walikaa ukutani na suti zao. Wanawake walikaa chini, juu ya mkeka, na katikati yao Maman Odette, mwembamba, amevaa nyeusi, mkasi mapajani. Ruben alisimama karibu na dirisha. Macho yake yalipokutana na ya Valérie, alitabasamu kidogo, na Valérie akahisi joto likimpanda hadi kwenye fundo la kilemba. Akainamisha kichwa. Haipendezi kung'aa kwenye matanga.

Papa Hugues, mjomba wa marehemu, aliomba kwa sauti kubwa na kwa muda mrefu, akigusa mada nyingi, hali ya hewa ikiwemo. Kisha akasema, "Bon. Sasa tumuone mutoto wetu," na akavuta lile shuka la maua juu ya picha.

Kilio kililipuka. Wanawake walimtambua wote kwa pamoja. Mireille alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, shingo imeinama kidogo, kama anayesikiliza mtu wa chumba cha pili. Maman Odette aliinuka peke yake, akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa turubai, akaweka kiganja kwenye shavu la rangi.

"Mireille," alisema. "Yo, maman yangu. Mireille."

Valérie alipumua. Ulikuwa uso mwema. Alijua.

Kisha macho ya mama yakashuka. Yakafika mapajani. Yakabaki hapo.

"Mikono ya nani hii?"

Kilio kilipungua, kikaisha.

"Ruben. Kuya hapa. Mikono ya nani hii?"

"Ya Mireille, maman."

"Angalia tena."

Ruben akaangalia. Aliangalia kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu mbele ya darasa, akigeuza kichwa, akitafuta. Kila mtu chumbani aliona kwamba hakujua alichokuwa anatafuta.

"Mutoto wangu aliungua mukono wa kushoto," Maman Odette alisema. Hakupaza sauti. "Kule Uvira, angali mudogo. Aliangukia imbabula iko na makaa. Hapa, tangu kidole kidogo mpaka hapa. Ngozi ilivutika, kidole hakikunyooka tena. Weye ulivalisha pete kidole cha jirani yake. Mbele ya Mungu, ulishika hii mukono, ukavalisha pete."

"Nilisahau, maman."

"Ulisahau."

"Odette," Papa Hugues alikohoa, "wageni..."

"Wageni bangojee." Akamgeukia Valérie. "Na weye, mama Ketsia. Ni mikono ya nani?"

Angeweza kudanganya. Angesema ni ya kubuni, ya kitabuni. Lakini mikono yenyewe ilikuwa palepale mbele ya watu, imeshika mkoba, na mwenye macho angeweza kulinganisha.

"Ni ya kwangu, maman. Picha hazikuwa na mikono. Nilijitazama ku kioo."

Mnong'ono ukapita mkekani. "Eh! Ameanza kujipima kiti ya Mireille," mwanamke mmoja alisema, na mwingine akaficha kicheko ndani ya kitenge.

Maman Odette alimtazama Valérie. Akamtazama Ruben, aliyekuwa amepiga hatua moja kumwelekea Valérie bila kujua kwamba amepiga. Hakuhitaji kuambiwa kitu.

"Ah," alisema. "Bon. Na rangi zako ziko wapi?"

"Ku gari."

"Lete."

*

Wageni walipelekwa kula uani, chini ya hema la plastiki, kwa sababu ilikuwa inanyesha. Sebuleni walibaki watatu: Valérie na brashi zake, Maman Odette kwenye kiti cha mbao, na Ketsia chini ya meza na kitabu kipya, kwa kuwa kile cha mbwa kilikuwa kimemvunja moyo.

"Mutoto alitoka kwangu," Maman Odette alisema, akipakata mikono. "Anza na hizi. Kidole nitakuambia."

Valérie alianza kwa kujifuta. Alipitisha rangi ya kahawia juu ya vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka Mireille akabaki ameketi na mapaja matupu. Kisha akaanza upya, akimtazama mama, akichora binti. Wakati mwingine alishusha brashi ili ajifute jasho.

"Hapana. Kidole kinageukia ndani. Kama anaficha kitu. Voilà." Baadaye kidogo akasema, "Alikuwa anasuka batu nywele. Kile kidole kilikuwa kinachelewa. Unasikia vingine vinakuja ku kichwa, kile kinafuata nyuma. Kama mutoto anakimbilia wakubwa wake."

Valérie aliweka weupe kidogo kwenye kovu.

"Unamupenda Ruben?"

Brashi ilisimama. "Ndiyo, maman."

"Na huyu wa chini ya meza?"

"Anamupenda kunipita."

"Iko muntu muzuri," Maman Odette alisema, na alisema kweli. "Hakumupiga. Hakulewa. Mireille alipougua, alimubeba ku mugongo ngazi zote, lift ilikuwa imekufa. Kazi usiku, kulala muchana, kazi usiku. Siku ya mazishi, batu wote wanalia, yeye anapanga viti. Alipanga viti vizuri sana." Aliutazama mkono mpya uliokuwa ukijitokeza kwenye turubai. "Sasa njo huyu. Sasa ameenea, hapungukiwe kitu."

Aliinuka. Hakungoja sherehe. Alifungua mlango wa uani, mkasi mkononi, akamwita Ruben kwa jina, na mbele ya sahani za watu akakikata kitambaa cheusi kifuani pake, mara moja tu, kama anayekata uzi wa nguo mpya.

"Nimemuachilia," alisema. "Sina neno naye. Mwenye kumutaka, amuchukue."

Vigelegele vikapigwa. Papa Hugues, aliyekuwa ameandaa hotuba, alikula kipande kingine cha samaki.

*

Ruben alimkuta Valérie mbele ya nyumba, kwenye ngazi, akikung'uta maji kutoka kwenye brashi. Nyuzi nyeusi zilikuwa bado zimening'inia kwenye koti lake. Uso wake uling'aa kama wa mvulana aliyesikia shule imefungwa mapema.

"Umesikia? Ametuachilia! Val, miye nilifikiri yote imeharibika. Nilifikiri anafukuza siye wote wawili." Akamshika mabega. "Nitakuja kesho kwa mjomba wako kukuposa. Kesho! Hakuna kungoja tena."

Alikuwa karibu sana. Alinukia sabuni na mvua. Kila kitu ndani ya Valérie kilitaka kuinamia kwenye koti lile na kufumba macho.

"Mbona hukuona?" aliuliza.

"Kuona nini?"

"Nilikuonesha picha mara ngapi? Ulisema, njo yeye kabisa."

Mikono ya Ruben ililegea. "Val. Ni vidole tu. Mwanaume gani anaangalia vidole?"

"Uliishi naye ndoa nzima."

"Nilikuwa nafanya kazi! Kufunga masanduku usiku kucha ku ghala, asubuhi ninarudi nikiwa maiti. Unafikiri nilikuwa na wakati wa kukaa kuangalia bibi kama sinema? Nilikuwa ninamulisha. Nilikuwa ninalipa nyumba. Ile haiko mapendo?"

"Njo mapendo. Sisemi haiko."

"Basi unataka nini? Weye nitakuangalia. Nimeanza kukuangalia tangu siku ya kwanza. Uliza Ketsia!"

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma. Alitamani asingeuliza kitu. Lakini alikuwa ametoka kuchora kidole kile kwa saa nzima na alikuwa bado anakihisi mkononi mwake mwenyewe, kimejikunja.

"Maman anasema, akisuka batu, kile kidole kilikuwa kinachelewa," alisema polepole. "Vingine vinafika, kile kinafuata nyuma."

Mkono wa Ruben ulipanda kwenye koti, ukapita zile nyuzi nyeusi, ukafika kwenye kifungo cha juu, ukakaa hapo.

"Kifungo," alisema.

"Kifungo gani?"

"Asubuhi. Nikirudi. Alikuwa ananifungua vifungo vya jaketi ya kazi, vidole vyangu vimekufa na baridi. Ninasinzia nimesimama. Vya chini vinafunguka haraka. Kile cha juu kilikuwa kinamusumbua. Kila siku, kile cha juu." Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Nilikuwa ninamuambia, fanya haraka. Mireille, fanya haraka, nataka kulala. Hakuniambia. Hakuniambia hata siku moja kwamba ni kidole. Alikuwa anasema, pardon, chéri."

"Ruben."

"Pardon, chéri. Kila siku."

Alikaa kwenye ngazi iliyolowa, na kilio kilichotoka hakikuwa cha mwanaume wa kwenye riwaya, chozi moja na kitambaa cheupe. Kilikuwa kilio kibaya, cha kamasi na kukosa pumzi, cha mtu anayepigwa. Aliita jina la mkewe. Aliliita mara nyingi, kwa sauti ya juu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta hakuna mtu ndani. Upande wa pili wa barabara mlango ulifunguliwa, ukafungwa tena.

Valérie alikaa kando yake. Alimshika mgongo. Alijua kabisa kwamba angeweza kumpeleka kwenye gari la Nyambura, akampeleka Newtown, akampikia ugali, na kufikia Krismasi angekuwa mumewe. Angekuwa mume mzuri. Angelala kitandani mwake akimlilia mwingine, na yeye angelala pembeni akijifunza kutokasirika.

Alimwinua kwa kwapa. Ruben hakupinga. Walipita katikati ya viatu, wakaingia sebuleni, ambako Maman Odette alikuwa amerudi kwenye mkeka peke yake, mbele ya picha yenye rangi mbichi.

"Maman," Valérie alisema. "Nimekuletea mutoto wako."

Maman Odette alimtazama mkwewe, uso ule uliolowa, mdomo uliokuwa ukitafuta hewa. Hakushangaa. Alisogea upande mmoja wa mkeka na kupiga nafasi iliyobaki kwa kiganja, mara mbili. Ruben alishuka chini kama gunia, akaweka kichwa mapajani pa mama mkwe wake. Yule mama akafunika kichwa hicho kwa kitenge.

"Utaningojea?" sauti ilitoka ndani ya kitenge.

"Sijue, Ruben," Valérie alisema. Hakujua, na hakutaka kumdanganya mtu aliye kwenye mkeka.

Alikusanya brashi. Alimtoa Ketsia chini ya meza, akamvalisha koti, akamfunga zipu mpaka kidevuni. Nje, Nyambura alikuwa amewasha injini. Alimwona rafiki yake akija bila mwanaume, akaondoa koti lake kwenye kiti cha mbele.

Ketsia alisimama mlangoni, akageuka kutazama nyuma.

"Mum, why's Uncle Ruben crying?"

"Amefiwa."

"Na nani?" Hilo alilisema kwa Kiswahili, polepole.

"Na bibi yake."

Ketsia alifikiri. Alikuwa mtoto aliyesoma vitabu vingi na alipenda mambo yafuate mpangilio.

"Lini?"

Valérie alimshika mkono, akamvusha juu ya viatu vya watu.

"Leo," alisema.